Daluga Zikiwa Bado Miguuni: Ushauri kwa Mchezaji Anayekusudia Kuwa Kocha

Katika soka la Afrika Mashariki kocha huitwa mwalimu, na jina hilo, ambalo wachezaji hulitamka kila siku bila kulipima, limebeba hoja ambayo mchezaji anayekusudia kuishika kazi hiyo anapaswa kuitafakari kabla ya kufikiria leseni, mshahara au klabu. Mchezaji hupimwa kwa anachokifanya yeye mwenyewe kati ya filimbi ya kwanza na ya mwisho, ilhali mwalimu hupimwa kwa kile ambacho watu wengine wanaweza kukifanya baada ya kukaa naye mazoezini, naye akiwa amesimama pembeni mwa mstari asioruhusiwa kuuvuka. Kazi hizi mbili hufanyika katika uwanja mmoja na hushangiliwa na mashabiki wale wale, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni kazi moja yenye vipindi viwili, kana kwamba mtu aliyecheza miaka 15 amekwisha kusomea ukocha kwa miaka 15. Dhana hiyo imewagharimu wachezaji wengi wazuri miaka ya kwanza ya maisha yao baada ya kutundika daluga, nayo makala haya yanaipinga kwa kumwonyesha mchezaji wa kulipwa, wa kike au wa kiume, namna ya kuitumia miaka yake 4 au 5 ya mwisho uwanjani kama miaka ya uanafunzi.

Ugumu wa kwanza uko katika asili ya ujuzi wenyewe. Mwanafalsafa Michael Polanyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Uingereza, alieleza kuwapo kwa maarifa ya kimya, yaani ujuzi ambao mtu anao na anautumia kwa ufasaha lakini hawezi kuueleza kikamilifu kwa maneno, kama vile ujuzi wa kuendesha baiskeli au wa kuutambua uso wa jamaa katika umati. Maarifa ya mchezaji mahiri kwa sehemu kubwa ni ya aina hiyo. Beki wa kati aliyekomaa anajua ni lini auache mstari wake amfuate mshambuliaji aliyeshuka kuchukua mpira, na ni lini abaki nyuma amwachie kiungo mkabaji; anajua hivyo kwa mkao wa bega la mpiga pasi, kwa umbali uliopo kati yake na beki mwenzake, kwa sauti ya kipa nyuma yake, na yote hayo huyapima kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa jicho. Akiulizwa na kijana wa miaka 17 alijuaje, jibu lake la kweli mara nyingi ni kwamba alijua tu, na jibu hilo, ingawa si la uongo, halimfundishi kijana kitu chochote. Ukocha unaanzia pale ambapo jibu hilo linakataliwa.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ambalo mchezaji anashauriwa kulianza angali anacheza halihitaji leseni wala fedha, bali daftari. Mara moja kwa wiki, baada ya mechi, achague tukio moja tu ambalo yeye mwenyewe alihusika, aandike alikuwa amesimama wapi, aliona nini kwanza, alikuwa na machaguo gani na kwa nini aliyakataa mengine, kisha, na hapa ndipo penye thamani, abuni zoezi litakalomlazimisha mtu mwingine kukutana na uamuzi ule ule. Kwa mfano wa beki aliyetajwa, zoezi linaweza kuwa eneo la mita 30 kwa 20 lenye washambuliaji 2, mabeki 2 na kiungo 1, ambamo koni zimeweka ukanda mwembamba ambao mshambuliaji anaruhusiwa kushukia; beki hupata pointi 1 akiunasa mpira ndani ya ukanda huo, lakini hupoteza pointi 2 iwapo nafasi aliyoiacha nyuma yake itatumiwa. Mtu aliyeandika kurasa 40 za namna hiyo kwa mwaka mmoja ataanza kuuona mchezo kama mambo yanayoweza kugawanywa, kupangwa na kufundishwa, na ataingia darasani akiwa na maswali yake mwenyewe.

Historia haikanushi faida ya kuwa mchezaji bora. Mário Zagallo wa Brazili, Franz Beckenbauer wa Ujerumani na Didier Deschamps wa Ufaransa walitwaa Kombe la Dunia wakiwa wachezaji na baadaye wakalitwaa wakiwa makocha, Deschamps akiwa nahodha mwaka 1998 na kocha mwaka 2018. Hata hivyo Arrigo Sacchi, aliyeipa AC Milan makombe mawili ya Ulaya mfululizo mwaka 1989 na 1990, hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, na José Mourinho hakuwa na jina lolote la maana kama mchezaji. Kinachoweza kusemwa kwa haki ni kwamba jina humfungulia mchezaji mlango wa kwanza na kumpa usikivu wa kikosi kwa wiki chache. Baada ya hapo wachezaji, ambao ni mahakimu wakali kuliko waandishi wa habari, huanza kuuliza iwapo mazoezi ya Jumanne yanawasaidia katika mechi ya Jumamosi.

Suala la leseni linastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu ndilo ambalo wachezaji huliahirisha zaidi. Leseni ya ukocha ni cheti kinachotolewa na shirikisho la soka la nchi kwa idhini ya shirikisho la bara, nacho hupatikana kwa ngazi: barani Afrika, CAF hupanga ngazi hizo kuanzia D, kisha C, B na A, hadi leseni ya juu kabisa iitwayo Pro, na Ulaya nako UEFA ina mpangilio unaofanana na huo. Kila ngazi hutaka iliyotangulia, na kati ya kozi moja na nyingine mwanafunzi hutakiwa afundishe timu halisi ili alichojifunza kikomae. Nafasi za kozi za juu ni chache, hutangazwa kwa nyakati maalumu na hugombaniwa na walimu wengi. Anayeanza kufikiria ngazi ya kwanza siku anapostaafu akiwa na miaka 35 atajikuta amepita 40 kabla ya kushika cheti kinachomruhusu kuwa kocha mkuu wa klabu kubwa, kwa kuwa katika mashindano ya vilabu ya Afrika kocha asiye na leseni A, au inayolingana nayo, huweza kuzuiwa kukaa benchini hata kama klabu yake imemwajiri na mashabiki wanamtaka. Jina halitoi kinga. Oktoba 2014, Zinedine Zidane, mchezaji bora wa dunia wa nyakati zake, alifungiwa miezi 3 na mamlaka ya nidhamu ya soka la Hispania kwa kuifundisha timu ya pili ya Real Madrid bila leseni ya ngazi iliyotakiwa. Adhabu ile haikudumu, lakini aibu yake ingeepukwa kwa kuanza mapema.

Inapendekezwa basi kwamba mchezaji aliyefikisha miaka 28 au 29 aulize katika ofisi ya ufundi ya shirikisho lake ni lini kozi ya ngazi ya chini itafanyika, aombe ruhusa ya klabu kwa maandishi, na aimalize wakati wa mapumziko ya msimu. Jeraha refu, ambalo kila mchezaji huliona kama msiba, ni kipindi kizuri cha kusoma, kwa kuwa akili haikuumia pamoja na goti. Baada ya cheti cha kwanza atafute timu ya watoto ya mtaani kwake, hata iwe ya chandimu, aifundishe mara mbili kwa wiki. Watoto wa miaka 11 hawavumilii maelezo marefu wala hawajali medali za mwalimu wao, na kwa sababu hiyo hakuna kikosi kinachomfundisha kocha kwa haraka zaidi kufupisha maneno.

Hapo ndipo panapofuata uamuzi mzito kuliko yote, yaani uamuzi wa benchi la kwanza. Kisa cha Xabi Alonso kinafaa kusomwa hatua kwa hatua. Kiungo huyo wa Hispania, bingwa wa dunia mwaka 2010, alistaafu mwaka 2017 akiwa Bayern München, na kwa jina lake angeweza kupata klabu ya ligi kuu mahali fulani ndani ya mwaka mmoja. Alichagua kwanza kufundisha watoto wa chini ya miaka 14 wa Real Madrid, kisha mwaka 2019 akarudi kwao katika jimbo la Gipuzkoa kuifundisha timu ya pili ya Real Sociedad, ambako alikaa misimu 3. Huko aliipandisha timu daraja la pili mwaka 2021 na mwaka uliofuata akashuka nayo, na si ajabu kushuka kule kuwa miongoni mwa mafunzo yake makubwa, kwa maana kocha aliyewahi kuishi msimu mzima wa vipigo na vijana wa miaka 20, bila kamera nyingi na bila uwanja uliojaa, hujifunza namna ya kuzungumza chumbani baada ya kufungwa. Oktoba 2022 Bayer Leverkusen walipomwita, klabu ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Akaifikisha nafasi ya 6, na msimu wa 2023/24 akaipa ubingwa wake wa kwanza wa Ujerumani katika historia, kwa ushindi wa mechi 28 na sare 6 bila kupoteza hata moja.

Kando ya kisa hicho kiwekwe cha Andrea Pirlo, kiungo asiyepungua Alonso kwa akili ya mpira na bingwa wa dunia wa mwaka 2006. Mwishoni mwa Julai 2020 Juventus walimteua kufundisha timu yao ya vijana wa chini ya miaka 23, na kabla hajaongoza mechi hata moja, Agosto 8, akapandishwa kuwa kocha mkuu wa kikosi cha kwanza; tasnifu yake ya leseni ya juu, ambayo wanafunzi wa kituo cha Coverciano karibu na Firenze hutakiwa kuiandika na kuitetea, aliikamilisha Septemba ya mwaka huo huo, yaani baada ya kuajiriwa. Alitwaa Kombe la Italia na Kombe la Super la nchi hiyo, jambo lisilostahili kudharauliwa, lakini timu iliyokuwa bingwa miaka 9 mfululizo ilimaliza nafasi ya 4 naye akaondolewa Mei 2021. Tofauti ya watu hawa wawili haiko katika kipaji. Mmoja alipewa misimu 4 ya kukosea mahali ambapo makosa hayaandikwi magazetini, na mwingine alitakiwa kukosea kwa mara ya kwanza mbele ya dunia nzima. Mchezaji anayepigiwa simu na klabu kubwa wiki chache baada ya kustaafu atasikia sauti nyingi zikimwambia kwamba nafasi kama hiyo haiji mara mbili, na makala haya, kwa kuzingatia ushahidi huo, yanamshauri aikatae, au aombe aanze na timu ya vijana ya klabu hiyo hiyo.

Ukocha msaidizi ni chuo kingine, nao una heshima ambayo mashabiki hawaipimi ipasavyo. Kocha msaidizi ndiye anayepanga koni alfajiri, anayejua mchezaji gani amefiwa na nani hajalala, anayesimamia mipira iliyokufa, yaani kona na mipira ya adhabu, na anayesikia manung'uniko yasiyofika kwa mkubwa. Selemani Matola, aliyekuwa nahodha wa klabu ya Simba ya Tanzania, amefanya kazi hiyo katika klabu yake chini ya makocha wakuu kadhaa wa kigeni, na mtu aliyeketi karibu na walimu wa mataifa tofauti ameona njia nyingi za kuandaa mechi moja kuliko anayeongoza peke yake tangu siku ya kwanza. Benni McCarthy, mfungaji wa mabao mengi kuliko wote katika timu ya taifa ya Afrika Kusini na mshindi wa Ligi ya Mabingwa Ulaya na Porto mwaka 2004, alianza kama msaidizi katika klabu ya Sint-Truiden ya Ubelgiji, akawa kocha mkuu wa Cape Town City kuanzia 2017 na kutwaa nayo kombe la MTN8 mwaka 2018, akafutwa kazi mwaka 2019, akaifikisha AmaZulu nafasi ya 2 msimu wa 2020/21, kisha mwaka 2022, badala ya kuona kwamba amekwisha kupita ngazi hiyo, akakubali kushuka tena kuwa msaidizi wa Manchester United akiwashughulikia washambuliaji. Alipokabidhiwa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, Machi 2025 alikuwa na muongo mzima wa kupanda na kushuka nyuma yake, na Agosti ya mwaka huo, katika mashindano ya CHAN, ambayo ni ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao tu, Kenya, iliyokuwa ikishiriki kwa mara ya kwanza, iliifunga Morocco, ikaongoza kundi lake na kutolewa robo fainali na Madagaska kwa mikwaju ya penalti. Anayetafuta mfano wa kazi isiyonyooka lakini iliyokua hana haja ya kwenda mbali zaidi ya uwanja wa Kasarani, Nairobi.

Msaidizi mwenye malengo aombe kupewa eneo moja la kulimiliki kwa msimu mzima, liwe ulinzi wa kona, mazoezi ya makipa au uchambuzi wa video wa wapinzani, na aandike matokeo yake, ili siku ya usaili aweze kuonyesha kwa ushahidi alichokibadilisha. Aulize pia maswali yasiyo ya mpira: bajeti ya usafiri hupangwa vipi, daktari wa timu anamjibu nani, kiongozi gani wa klabu huwapigia simu wachezaji usiku wa kuamkia mechi. Mambo hayo kwa kawaida hayafundishwi kwa kina katika kozi za leseni, nayo yameangusha makocha wengi.

Katika nchi za Afrika Mashariki iko njia moja ambayo mchezaji wa zamani huingizwa nayo kazini bila kuitafuta, nayo ni ukocha wa muda. Klabu humfukuza kocha wa kigeni katikati ya msimu, humwita mwana wa nyumbani ashike timu, na ikipata mgeni mwingine humrudisha pembeni. Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea Coastal Union ya Tanga na kuifundisha, aliitwa Simba Septemba 2022 katika hali hiyo, akaifikisha timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na Januari 2023 alipokuja kocha mwingine akaendelea kama msaidizi, kwa utulivu unaostahili kuigwa. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, na ni kweli kwamba nyumbani huanza kwa shangwe. Lakini tuzo ya nyumbani huisha haraka, kwa sababu mashabiki humkumbuka kijana aliyefunga na hawamvumilii mtu mzima anayefungwa. Anayepewa timu kwa muda aombe barua inayotaja mambo matatu: mwisho wa kipindi hicho au tukio litakalokihitimisha, malipo yake ya ziada katika kipindi hicho, na nafasi atakayorudia baadaye. Barua ya ukurasa mmoja huzuia uchungu wa miaka.

Kuhusu wachezaji waliokuwa wenzake juzi na leo ni wanafunzi wake, ushauri ni mgumu kuutoa na mgumu zaidi kuufuata. Kocha mpya aliyekuwa akila sahani moja na kipa wa timu atalazimika siku moja kumwambia kipa yule yule kwamba hataanza, na kila neno litapimwa na kikosi kizima kama ni la haki au la urafiki. Njia inayoonekana kuwa salama ni kuondoka kwanza katika klabu aliyostaafia, walau kwa misimu 2, na ikiwa hilo haliwezekani basi mipaka itangazwe wazi tangu siku ya kwanza: kocha hatakuwa tena katika kundi la simu la wachezaji, hatasafiri nao nyuma ya basi, na sababu za kumwacha mchezaji nje atamweleza mwenyewe, uso kwa uso, kabla orodha ya kikosi haijabandikwa.

Iko hazina moja, hata hivyo, ambayo mchezaji wa zamani anayo na mwingine hawezi kuisomea, nayo ni kumbukumbu ya kushindwa kwa mwili wake mwenyewe. Aliou Cissé alikuwa nahodha wa Senegali katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2002 mjini Bamako, na alipokosa penalti ya mwisho Kamerun wakawa mabingwa. Baada ya kustaafu alianza na timu ya vijana wa chini ya miaka 23, akakabidhiwa timu ya wakubwa mwaka 2015, akatolewa katika Kombe la Dunia la 2018 kwa hesabu ya kadi za njano, akapoteza fainali ya Afrika mwaka 2019 mbele ya Algeria, na Februari 6, 2022, mjini Yaoundé, Senegali ikaishinda Misri kwa mikwaju ya penalti na kulitwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza. Sadio Mané alikuwa amekosa penalti mapema katika mechi ile ile, ndani ya muda wa kawaida, na ndiye aliyepiga na kufunga mkwaju wa ushindi. Ni vigumu kumfikiria mwalimu anayeelewa kuliko Cissé kinachopita ndani ya mtu anayerudi kwenye nukta ile ile iliyomwaibisha. Mchezaji anayeandaa ukocha asiyafiche makosa yake makubwa. Ayaandike katika daftari lake kwa ukamilifu zaidi kuliko mabao yake, pamoja na maneno aliyoambiwa siku hiyo na kocha wake, yaliyomsaidia na yaliyomvunja.

Fedha na mikataba vinahitaji ubaridi wa moyo. Mshahara wa kwanza wa kocha wa vijana kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mchezaji anayestaafu, na kwa hiyo akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi 12 hadi 18 iwekwe kabla ya msimu wa mwisho kuisha, la sivyo njaa ndiyo itakayomchagulia klabu. Mkataba wa kocha nao si sawa na wa mchezaji, kwa sababu mchezaji asiyepangwa hubaki kuwa mali ya klabu ilhali kocha asiyetakiwa huondolewa siku hiyo hiyo. Stephen Keshi, nahodha wa Nigeria iliyotwaa kombe la Afrika mwaka 1994 na kocha wake ilipolitwaa tena mwaka 2013, aliifikisha Togo katika Kombe la Dunia la 2006, la kwanza na la pekee kwa nchi hiyo hadi sasa, lakini timu ilipokwenda Ujerumani iliongozwa na mwingine. Tangu Januari 1, 2021, kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zina nyongeza inayohusu ajira ya makocha, inayotaka mkataba uwe wa maandishi, na inayokataza uhalali wake kufungwa na masharti kama kupatikana kwa kibali cha kazi au kuwa na leseni fulani, maana klabu inapaswa kuyachunguza hayo kabla ya kusaini. Kocha anayefanya kazi nje ya nchi yake anaweza kupeleka mgogoro wake katika vyombo vya FIFA, mradi awe na karatasi. Mwanasheria asome mkataba, wala kazi hiyo asiachiwe rafiki. Fidia ya kuvunjwa kwake iandikwe kwa tarakimu. Na mikataba ya wasaidizi wake itajwe, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kusahauliwa.

Si kila mchezaji aliyesoma leseni atakuwa, au anapaswa kuwa, kocha mkuu. Makipa wengi hupata utulivu katika kufundisha makipa. Wenye jicho la takwimu huenda kwenye uchambuzi. Wengine huingia katika uongozi, kama Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga aliyefundisha timu za taifa za Tanzania, Taifa Stars na Twiga Stars, na baadaye akawa katibu mkuu wa Yanga. Soka la wanawake, ambalo makocha wengi wa kiume hulichukulia kama kituo cha kupitia, ni uwanja wenye kazi ya kweli, na wachezaji wa kike wana haki ya kulitazama kama lao: Desiree Ellis, aliyekuwa nahodha wa Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake ya Afrika Kusini, aliiongoza timu hiyo hiyo kama kocha hadi ubingwa wa Afrika mwaka 2022 nchini Morocco na hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia mwaka 2023.

Lugha nayo ni chombo cha kazi. Gary Neville, beki mwenye mataji mengi na mchambuzi hodari wa televisheni, alichukua Valencia Desemba 2015 bila kukimudu Kihispania, na Machi 2016 alikuwa ameondoka akiwa na ushindi wa mechi 3 tu za ligi. Mchezaji wa Tanzania au Kenya mwenye Kiswahili fasaha anaweza kufundisha bila mkalimani hadi Bujumbura na Lubumbashi. Akiongeza Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya sehemu kubwa ya soka la Afrika Magharibi na ya Kati, eneo lake la kutafutia kazi hupanuka kwa nchi nyingi. Miezi 18 ya masomo ya jioni akiwa bado anacheza ni gharama ndogo.

Mwisho, kufutwa kazi kuandaliwe kama sehemu ya kazi yenyewe, kwa sababu ni kocha adimu mno asiyewahi kufutwa. Ndani ya wiki mbili baada ya kuondoka, hasira ikiwa bado ipo lakini kumbukumbu ikiwa bado safi, kocha aandike taarifa ya kurasa 10 au 15 juu ya msimu wake: aliikuta timu katika hali gani, alibadilisha nini, wachezaji gani walikua na kwa vipimo vipi, maamuzi gani 3 angeyafanya tofauti. Nakala asimpe mwandishi wa habari. Aihifadhi pamoja na mipango ya mazoezi na video, kisha aulize tarehe za kozi za kuhuisha leseni yake, kwani leseni za UEFA, kwa mfano, hudumu miaka 3 na hutaka masomo ya nyongeza ili zihuishwe, na atafute timu ya vijana ya kuifundisha jioni wakati akisubiri simu, ili klabu nyingine itakapompigia imkute akiwa uwanjani na filimbi yake shingoni.